Kugongwa Shavu Kila Asubuhi

Kidole gumba cha mkono wa kulia ndicho kilichotangulia. Nilikuwa nimeinama juu ya meza yangu ya kazi, mtaani Mangobo, nimeshika kijiwe cha shaba cha gramu tano kwa koleo ndogo. Kidole kikaanza kujikunja kuelekea kiganjani, polepole, bila mimi kukiagiza. Vingine vinne vikanyooka na kubanana kama mdomo wa ndege. Kijiwe kikaanguka. Nilijaribu kuvifungua kwa mkono wa kushoto, nikashindwa. Vilikaa hivyo kwa muda wa kusali rakaa mbili, kisha vikalegea vyenyewe.

Ninaandika haya sasa kwa kuwa mkono huohuo umetulia vya kutosha kushika kalamu. Mimi si daktari. Shule niliiacha darasa la nne, na mengine yote nimeyasoma peke yangu katika vitabu vilivyoachwa na watu waliohama. Ninamwandikia yule ambaye vidole vyake vinajifunga na jirani wanamwambia amerogwa, au ni mwoga. Mimi niliambiwa yote mawili.

Kazi yangu ni fundi wa mizani, kama baba yangu. Wafanyabiashara wa mpunga na kahawa huniletea mizani zao zikianza kusema uongo, nami huzirudisha kwenye haki. Ni kazi ya vidole na pumzi. Mtu asiyeweza kushika gramu moja bila kutikisika hana kazi.

Tumbo langu liliharibika katika mvua za mwaka ule wa uhuru. Niliharisha wiki tatu. Nilipopona nilijiwekea kanuni, maana mimi ni mtu wa kanuni: kila Jumamosi baada ya alasiri, kuosha tumbo. Kwetu Kisangani hakuna nyumba isiyo na mpira mwekundu wa kuoshea tumbo, ule tunaouita poire, umetundikwa msumarini karibu na mlango wa uani. Mtoto akiwa na homa, mpira. Mwanamke akiumwa mgongo, mpira. Majani yanachemshwa, maji yanapozwa, pilipili kidogo inatiwa. Mimi niliongeza utaratibu tu: siku maalumu, saa maalumu, kiasi maalumu cha maji. Nilipohisi udhaifu, niliongeza Jumatano.

Mwaka uliofuata midomo ilianza kuwasha kama niliyekula pilipili. Miguu ilijikaza nikiwa nimekaa. Hasira nazo zilikuja, ambazo sikuwa nazo zamani. Siku moja binti yangu Salima, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, aliangusha kikombe, nami nikapiga kelele hata mke wangu akatoka uani na mwiko mkononi akidhani kuna mwizi.

“Papa Salima,” alisema, “ni kikombe.”

Nilikitazama kile kikombe, na sikujua ile sauti ilikuwa imetoka wapi. Hapo ndipo nilipoogopa kwa mara ya kwanza kwamba nitapoteza akili kabla ya kupoteza mikono.

Mama mkwe wangu, ambaye nyumba nzima inamwita Koko, alikuwa na jibu lake. “Mtu huyu amejaa uchafu. Jumamosi moja na Jumatano moja hazitoshi.”

Nilimsikiliza. Nikaongeza maji.

Nilianguka dukani mwanzoni mwa kiangazi. Sikumbuki kuanguka, nakumbuka ladha ya damu, kwa sababu nilikuwa nimeuma ulimi, na nakumbuka mteja wangu amesimama mlangoni na mizani yake kifuani kama anayeilinda nisiiambukize. Walinipeleka hospitali kwa mkokoteni wa mpunga.

Benchi la kungojea lilikuwa la watu kumi, tukakaa kumi na saba. Madaktari wengi walikuwa wameondoka. Alikuwepo mgeni mmoja tu, mwenye kuja siku tatu kwa wiki, na hakuna aliyejua ni siku zipi. Vidole vyangu vilijifunga pale pale mbele ya watu. Mama aliyeketi kulia kwangu alimhamishia mtoto wake upande wa pili. Aliyeketi kushoto, mwuza samaki, harufu yake nzito ya moshi, aliuchukua mkono wangu bila kuniuliza, akauweka mapajani mwake na kuanza kuukanda kama unga wa muhogo.

“Mukono hii inaogopa kuliko weye,” aliniambia.

Jina lake sikuliuliza. Alinikanda mpaka wakaniita, na muda ule wote yeye mwenyewe alikuwa amejishika ubavu kwa maumivu.

Daktari alinigonga kwa ncha ya kidole shavuni, mbele ya sikio. Pembe ya mdomo wangu ikaruka. Akagonga tena, ikaruka tena. Sindano ya kwanza haikubadili kitu. Akafikiri, akatoka, akarudi na nyingine. Hiyo ya pili iliingia na joto: lilipanda mkononi, likafika kooni, likashuka mpaka nikadhani nimejikojolea. Kisha vidole vikafunguka. Nilivitazama vikifunguka kimoja kimoja, nikalia mbele ya watu nisiowajua.

Aliyenieleza alikuwa nesi Fideli, mtu wa Wagenia, wa familia ya wavuvi wa pale kwenye maporomoko, mrefu, mwenye kucheka haraka.

“Papa, mu damu yako kuko kitu moja inakosa. Inafanana na munyu, chumvi. Banaiita magnesiamu. Bila ile, misuli inajifunga. Na moyo iko musuli, donc…”

“Kwa hiyo nini?”

“Donc hautasahau dawa.”

Aliniuliza kama naharisha. Nilisema hapana, na ilikuwa kweli, wiki ile sikuwa naharisha. Kuhusu Jumamosi hakuniuliza, wala sikutaja. Nani anayetaja? Ni kama mtu aeleze kwamba huwa ananawa uso.

Nilirudi nyumbani na kopo la unga mweupe mwepesi kama wa chokaa, wa kunywa mara tatu kwa siku pamoja na chakula. Kiasi nilichopewa sitakiandika hapa, kwa sababu ni kiasi cha mwili wangu na figo zangu, na anayesoma atapewa chake na anayemjua. Nitasema tu kwamba nilikipima kwa mizani yangu bora. Fideli alikuwa ameonya: kidogo mno hakisaidii, kingi mno kinakimbilia tumboni na kutoka na kila kitu. Alimfundisha pia Salima kunigonga shavu: mdomo ukiruka, kile kitu bado kinakosekana damuni. Kila asubuhi, kabla ya chai, binti yangu alisimama mbele yangu, akagonga mara moja, akatazama mdomo.

“Imeruka kidogo, papa.”

Nikaandika katika daftari: kidogo. Siku nyingine: sana. Siku nyingine, mara chache: haikuruka.

Daftari hilo ninalo mpaka leo, na nalionea aibu. Kurasa za miaka miwili na zaidi. Palipoandikwa “sana” ni Jumapili. Jumapili, Jumatatu, Alhamisi. Jumapili, Jumatatu, Alhamisi. Nililiona hilo, maana nilichora mistari kwa rula. Nikakata shauri kwamba mwili unaharibika ukipumzika, kwa kuwa Jumapili soko langu hupoa. Basi nikaanza kufungua duka Jumapili. Mtu anaweza kupima vizuri na bado asielewe alichokipima.

Kisha waasi wakaingia mjini.

Sitasimulia vita, wengine wameisimulia, na mimi niliiona kwa kipande tu, kutoka uani kwangu. Nitasema kilichonihusu. Daktari alitoweka. Duka la dawa lilifungwa, kisha likavunjwa. Makarani na walimu walikuwa wanatafutwa, na mtu mwenye kalamu mfukoni alijifunza kuiacha nyumbani. Kopo langu lilikuwa na unga wa mwezi mmoja. Nikaanza kupunguza dozi, na kila nilipopunguza mdomo uliruka zaidi, na kila uliporuka niliogopa zaidi kutoka nje. Kwa maana siku zile uso unaotetemeka ulikuwa na maana moja tu: huyu anaficha kitu.

Kizuizi kilikuwa njia panda, magogo mawili na kamba. Nilipita nikienda kumtafuta Fideli, kopo nimelifunga katika kitambaa. Aliyenisimamisha alikuwa mtu wa makamo mwenye kofia ya ngozi ya chui. Alinitazama usoni. Shavu la kushoto likaanza, lenyewe, tiki, tiki.

“Weye unachekea nani?”

“Sicheki, kamanda. Ni ugonjwa.”

“Ugonjwa ya kucheka.” Wenzake wakaangua kicheko. “Na ndani ya kitambaa iko nini?”

Alifungua kopo, akanusa. “Sumu.”

“Ni dawa.”

“Bon. Kula.”

Nikachovya kidole.

“Hapana ya ndege. Kula ya mutu.”

Nilikula viganja vitatu. Unga ulinigandama kooni, wakanipa maji ya mtungi wao wakicheka, na mmoja akasema nafanana na maiti aliyepakwa chokaa. Kilichobaki alikimwaga barabarani, taratibu, akitazama kama nitalia. Nilipogeuka kurudi aliniita.

“Eh, Mla-Chokaa! Kazi yako nini?”

Hofu ilinifanya niseme kweli. “Fundi wa mizani.”

Kicheko kilikwisha usoni pake. “Nilibeba mpunga miaka kumi na mbili,” alisema. “Gunia hazikuwa na uzito mizani ilisema. Hata siku moja. Njo nyinyi, ndiyo nyinyi batu ya mizani.” Akaniacha niende.

Kabla ya kufika nyumbani tumbo lilianza. Niliharisha siku ile na iliyofuata mpaka nikabaki maji matupu. Siku ya tatu mikono yote miwili ilijifunga na haikufunguka. Kifua kilikuwa kinaruka pigo moja, kisha kinapiga mawili kwa haraka, nami nalala nikiyahesabu, nikingoja lile litakalokosekana kabisa. Naomba msomaji anielewe: maumivu yanavumilika. Kungoja moyo wako mwenyewe ni jambo jingine.

Koko alikuwa ameshachemsha majani. Ilikuwa Jumamosi.

Mke wangu aliipita sufuria ile. Alijifunga kitenge, akatoka, akatembea mpaka kwa Wagenia kwa miguu kupitia vizuizi vyote, na akarudi na Fideli, ambaye alikuwa amevaa kama mvuvi, na kikapu cha samaki kichwani, sindano imefichwa chini ya samaki. Ilikuwa ampuli ya mwisho aliyokuwa nayo. Joto lile likapita tena mwilini mwangu, vidole vikafunguka. Kisha akaketi kwenye mkeka na kuomba daftari.

Alifungua kurasa polepole. Nikasikia akizitaja Jumapili peke yake, “Dimanche… dimanche…” Akainua macho. Mlango wa uani ulikuwa wazi. Koko alikuwa amesimama pale, sufuria ya majani mkono mmoja, mpira mwekundu mkono mwingine, akingoja nesi amalize ili naye afanye yake.

“Koko, ile iko ya nani?”

“Ya mgonjwa. Leo ni siku yake.”

“Siku yake?”

“Jumamosi na Jumatano,” nilisema. “Tangu uhuru.”

Fideli alilifunga daftari. Alianza kucheka ule wake, ukakatikia njiani, akajifuta macho kwa kiganja chenye magamba ya samaki.

“Papa, mutu mwenye akili kama weye. Miye ninatia huku, weye unamwaga kule. Miaka tatu! Unaandika na kumwaga, unaandika na kumwaga.”

“Hukuniuliza,” nilisema.

“Njo,” alikubali. “Sikukuuliza. Miye pia mama yangu iko na yake ku musumari.”

Dawa haikuwepo tena mjini, wala njia ya kuileta. Kilichobaki kilikuwa jikoni. Fideli aliomba kuona ninachokula, na hapo likatokea la pili. Mke wangu alileta sahani yangu kwa fahari: wali mweupe kama pamba. Sisi watu wa mpunga tunaujua upendo wa mke kwa weupe wa wali wake. Tangu niugue, mke wangu alikuwa akiurudia mpunga wangu kinuni mara tatu, mikono ikamtoka malengelenge, mpaka punje isiwe na hata chembe ya rangi. Pumba zilienda kwa kuku.

“Na kuku?” aliuliza Fideli.

“Kuku wazima kabisa,” alisema mke wangu, kisha akaelewa, akaweka mkono mdomoni.

Basi hizi ndizo kanuni mpya, zilizoandikwa katika daftari lilelile. Mpira ushuke msumarini. Mpunga utwangwe mara moja tu. Maharagwe yaliwe na mchuzi wake. Sombe, yaani majani ya muhogo, kila siku. Mbegu za maboga, zile tunazoziita mbika, zisagwe na kupikwa katika majani. Karanga za kutafuna mfukoni badala ya kalamu. Fideli alitaja na mbinzo, viwavi vya msimu ule, akisema ni dawa tosha.

“Mimi Mwislamu,” nilisema.

“Bon, mwombe Mungu mbika ikuwe mingi.”

Alinionya kwamba chakula kinatembea polepole. Wiki, si siku. Na kwamba nikianza kuharisha tena kabla ya hapo, hana sindano nyingine.

Wiki hizo zilikuwa mbaya kuliko kuanguka kwenyewe. Niliogopa maji ya kunywa, niliogopa inzi. Koko hakuzungumza na binti yake siku nane. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba wanamwua mkwe wake kwa kumwachia uchafu ndani, na Jumamosi ya kwanza alikaa uani akilia kwa sauti, kama msibani, nami mzima nasikia. Mke wangu akasimama kinuni akitwanga, akihesabu mapigo, na alipofika ya mwisho alisita na mchi hewani. Mikono yake ilitaka kuendelea. Niliona jinsi ilivyomwuma kunipa wali mchafu.

“Niache?” aliuliza.

“Acha.”

Salima aligonga kila asubuhi. Sana. Sana. Kidogo. Sana. Kidogo. Jumapili moja akagonga, akagonga tena, akanitazama. “Labda nimegonga vibaya,” alisema. Hatukufurahi. Tuliogopa kufurahi.

Siku tatu baadaye alikuja yule aliyeniita Mla-Chokaa, na kofia yake ya chui.

Wakubwa wao walikuwa wanagawa mpunga kwa wapiganaji, na mizani ya ghala ilikuwa imeharibika. Watu walikuwa wanataka kuuana kwa ajili ya vipimo. Alinipeleka mwenyewe, akitembea nyuma yangu. Ghalani kulikuwa na watu kama thelathini na bunduki. Aliketi juu ya gunia uso kwa uso nami.

“Nitaangalia mikono,” alisema. “Mukono ya mwizi inatetemeka. Ile siku uso yako ilitetemeka. Leo ikitetemeka, tutajua.”

Nilifungua mizani. Tatizo lilikuwa dogo: kisu cha katikati, kile ambacho mhimili hukalia, kilikuwa kimetoka mahali pake, na kukirudisha kunahitaji kukishika kwa ncha za vidole viwili bila kupumua. Kazi ya dakika tano kwa fundi mzima. Nilifikiria kidole gumba. Niliwahi kusikia watu wakisema hofu hukaa moyoni au tumboni. Yangu yote ilikuwa pale, katika kidole kimoja, na nilikitazama kama unavyomtazama mbwa usiyemjua. Nilikishika kisu. Nikakipeleka. Kidole kilikaa.

Niliweka mawe upande huu, mpunga upande ule. Mhimili ukayumba, ukatulia. Nikabadilisha pande mbele ya macho yao, mpunga huku, mawe kule, ili waone kwamba haudanganyi. Ukatulia palepale.

Yule mtu aliinuka, akaja karibu, akaunyanyua mkono wangu wa kulia, akautazama juu na chini kama anayenunua.

“Mla-Chokaa,” alisema, “weye haukuwa unaogopa?”

“Niliogopa sana, kamanda. Hata sasa.”

“Alors mbona haitetemeki?”

Nilisema, “Mke wangu ameacha kuurudia mpunga.” Akaniona punguani, akanisukuma nje. Nilitembea mpaka nikapita kona, nikakaa chini ya ukuta. Vidole vilikuwa vimefunguka juu ya mapaja yangu, vyote kumi.

Vita ilirudi mjini mara nyingine, kwa ndege safari hiyo, tukalala sakafuni siku mbili. Fideli alipona. Yule wa kofia sijui. Baadaye madaktari walikuja, dawa ikapatikana, na nilikunywa kwa miezi kadhaa chini ya jicho lao. Koko alikufa akiamini kwamba nilipona kwa sababu ya zile Jumamosi za mwanzo, na sikumbishia. Mpira mwekundu mke wangu aliukata, akaufanyia kazi ya kuzibia mtungi.

Hofu haikuisha. Atakayeugua hivi ajue hilo mapema: mwili hupona kwanza, na mtu huendelea kuulinda kama nyumba iliyowahi kuvunjwa. Mpaka leo nikiharisha hata siku moja natuma mtu hospitali, na mtu akiniuliza ninachokula, ninachokunywa na ninachofanya Jumamosi, namweleza yote, hata asiyoyauliza.

Salima ameolewa Ubundu. Huja kwa treni mara mbili kwa mwaka, na watoto wawili na samaki wa kukaushwa. Huingia na vumbi lake, hashushi mzigo, hasemi habari za safari. Husimama mbele ya kiti changu, hunyoosha kidole, hugonga mara moja mbele ya sikio, hutazama mdomo. Nyumba nzima hunyamaza.

Kisha ndipo hunisalimu.